Duka la vifaa vya maabara Dodoma mjini: spiriti safi, ila friji hapana

Nyota nne. Ya tano wameikosa kwa sababu ya friji, nitaifikia.

Mimi ni fundi wa maabara, na msimu huu tunakusanya vipande vya mapezi ya perege wa Ziwa Kitangiri, yule ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas. Hana kwao kwingine zaidi ya Tanzania: ni wa maziwa ya magadi kama Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singida, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemworodhesha miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Tunachotafuta ni jeni za vipokezi vya kinga ya kuzaliwa, yaani protini zinazotambua vijidudu, zile za familia iitwayo TLR. Kinga hii haingoji mwili umzoee adui kwanza. TLR5, kwa mfano, huitambua flajelini, protini inayojenga mkia ambao bakteria huogelea nao, na mwili unaanza kupambana mara moja. TLR22 samaki wanayo, sisi binadamu hatuna. Tatizo ni kwamba samaki wakibaki wachache, matoleo tofauti ya jeni hizi nayo hupotea, na ugonjwa ukiingia ziwani unaweza kuwakuta wote wana udhaifu mmoja.

Ndiyo maana nachagua sana duka. Sampuli ya perege huyu ukiiharibu, huendi sokoni Majengo kununua nyingine.

Nilifika na kikaratasi changu: spiriti, vichupa, glavu. Mama aliyekuwa kaunta hakugusa rafu kwanza. "Spiriti ya nini mwanangu, ya vidonda au ya kuhifadhia?" Nikamjibu ya kuhifadhia, nataka DNA. Akaiacha ile ya rangi ya zambarau, akaniletea ethanoli ya asilimia 96, nyeupe kama maji, lakiri haijaguswa. Kwingine nilikopita ukitamka spiriti unapewa ile iliyotiwa methanoli na rangi, unalipa, unaondoka, hakuna anayekuuliza kitu. Huyu akaongeza, "Kesho yake imwage uweke mpya, samaki ana maji mengi." Kweli kabisa: maji ya kwenye nyama huizimua spiriti, na DNA huanza kukatikakatika. Nikamwuliza kajifunzia wapi, akacheka, eti kwa wateja wanaorudi wakilalamika.

Vichupa vyao vya mililita 2 vina kifuniko cha kuzungusha na ringi ya raba ndani. Tulivibeba kwenye mkoba, juu ya pikipiki, kwenye vumbi la Iramba, vikiwa vimelala hovyo. Hakuna kilichovuja wala maandishi yaliyofutika. (Andika kwa penseli hata hivyo. Wino na spiriti havipatani.) Mkasi mdogo niliununua hapohapo, unakata pezi safi bila kulichana, na samaki anarudishwa majini akiwa hai, pezi litaota tena.

Sasa friji. Wanauza pia kimeng'enya cha PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi), ambacho kinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Nilikikuta kwenye mlango wa friji ya kawaida, jirani na soda ya mtu, na siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nilikataa, nikamweleza mama sababu. Hakununa, akasema heri nimesema. Lakini kukubali kosa si kununua friza. Kimeng'enya chetu tuliagiza Dar, kikaja kwa basi ndani ya deli la barafu.

Dawa ya kuhifadhi RNA, ile nakala ambayo jeni hutoa inapofanya kazi, hawana kabisa. Kama unataka tu kusoma jeni zilivyo, hutaihitaji. Ila ukitaka kujua zipi zinafanya kazi samaki akiugua, lazima upate RNA, nayo huharibika upesi mno, kwa hiyo agiza kwingine mapema kabla ya safari.

Bei zao ziko juu na hawapunguzi, hata ukiamkia kwa "mbukwa" ya Kigogo safi kama nilivyojaribu mimi. Risiti ya EFD wanatoa bila kubembelezwa, jambo kubwa kwa anayetumia fedha za utafiti na atakayehojiwa na mhasibu. Ukienda, sema unahifadhi nini kabla hujataja bidhaa. Jumamosi wanafunga saa sita mchana.