Ayodini au Dawa ya Bluu? Ipi Ununue Kuku Akiwa na Kidonda cha Unyayo

Habari zenu wafugaji wenzangu, wa hapa Mtwara na popote mnaponitazama. Hapa mezani nina dawa nne ambazo watu hukimbilia kuku akianza kuchechemea: povidoni ayodini ya asilimia 10, dawa ya bluu ya kupuliza, kichupa cha GV, ile dawa ya rangi ya zambarau, na mafuta ya mgando. Leo nawaambia ipi inastahili hela yenu. Ila kabla ya dawa tumshike kuku kwanza, kwa sababu wengi wananunua dawa bila kuutazama unyayo.

Huyu ni jogoo wa kuchi, ile mbegu ya kuku wakubwa wa kienyeji. Namfunika macho kwa kanga atulie, halafu nageuza mguu. Sogea na kamera hapa. Mnaona hiki kigaga cheusi katikati ya unyayo? Kimeshika kwelikweli. Pembeni ngozi imevimba, imeiva wekundu, na nikiweka kidole nasikia moto. Hili ni jipu la unyayo. Mara nyingi linasababishwa na bakteria anayeitwa Staphylococcus aureus, ambaye siku zote yupo kwenye ngozi na kwenye uchafu wa banda, anasubiri tu mchubuko apate pa kuingilia. Na huyo huyo anaweza kumpata binadamu, kwa hiyo vaeni glavu na mnawe kwa sabuni mkimaliza.

Sasa dawa ya bluu, maana ndiyo inayonunuliwa kuliko zote. Nyingi zina oksitetrasaiklini, ambayo ni antibayotiki, pamoja na rangi. Kwa mchubuko mbichi naisifu: inakauka upesi, na ile bluu inaficha wekundu wa damu ili kuku wenzake wasimdonoe. Lakini tazameni nikipuliza juu ya kigaga hiki. Imekaa juu, basi. Chini yake kuna donge la usaha, na usaha wa ndege hauchuruziki kama wetu. Chembe zao nyeupe za damu hazina kimeng'enya cha kuuyeyusha, kwa hiyo unaganda na kuwa kitu kigumu cha njano. Utapaka bluu mpaka kopo liishe, na donge liko pale pale. Kwa jipu lililofunga, sikushauri uinunue.

Ayodini ndiyo chaguo langu. Inapatikana duka la dawa za binadamu, huhitaji kusubiri hadi uende mjini kwenye duka la mifugo, na chupa ndogo inadumu. Changanya sehemu moja ya ayodini na sehemu tisa za maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Rangi itakayotokea ni ya chai ya rangi. Kabla ya hapo osha mguu kwa sabuni, kisha uloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi dakika kumi hadi kumi na tano, kigaga kilainike. Halafu ndiyo unaosha kwa ayodini, unakausha, unaweka shashi safi na kufunga bandeji. Usikaze. Vidole vikipoa au vikivimba, umekaza, fungua. Badilisha kila siku au siku moja baada ya nyingine, na bandeji ikilowa usisubiri zamu yake.

Kama uvimbe ni mdogo na laini, mara nyingi hiyo inatosha, mradi kuku akae pakavu. Huyu jogoo wangu amevuka hapo. Donge lake ni gumu, na nikibonyeza anaruka. Hapo simuingizii wembe, na nawaomba msifanye hivyo nyumbani: unyayo una mishipa na kano karibu sana, na kuku anasikia maumivu kama kiumbe yeyote. Muiteni afisa mifugo wa kata. Yeye ndiye wa kuondoa donge na kuamua kama kuna haja ya antibayotiki ya kunywa au sindano. Akitoa, muulizeni siku za kusubiri kabla ya kula mayai na nyama, na mzifuate.

GV naipitia haraka. Inaua vijidudu, kweli, lakini mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Canada ilionya watu kuhusu hatari yake ya saratani. Kwa mnyama tunayemla, na ayodini ipo, mimi kichupa hiki nakiacha dukani.

Mafuta ya mgando yana kazi nyingine kabisa. Mleteni huyu tetea. Unyayo wake ni mzima, ila huku juu magamba yameinuka, yameshika ukoko mweupe. Hao ni utitiri wanaochimba chini ya magamba. Osha mguu, sugua taratibu kwa mswaki wa zamani, paka mafuta mazito kuwanyima hewa, urudie kwa wiki kadhaa. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari acheni, yanaunguza ngozi.

Lakini ndugu zangu, dawa yoyote hapa ni kazi bure kama banda limebaki vile vile. Kuchi ni mzito. Akilala juu ya mkorosho au kwenye fito ya juu, kila alfajiri anatua kwa uzito wake wote kwenye ardhi ngumu, na yadi zetu nyingi, hasa kule Mikindani, zina vipande vya matumbawe vyenye makali. Shusheni kichanja kiwe chini ya nusu mita, ubao wa upana wa sentimita tano hivi, kingo zimelainishwa kwa msasa. Tandikeni maranda makavu ya kwa fundi seremala, au pumba za mpunga. Mvua za Desemba hadi Aprili zikishika, geuzeni na kubadilisha mara kwa mara, maana unyayo unaoshinda kwenye tope unalainika na kupasuka.

Na kuna jambo la kwetu huku kusini: maganda ya korosho msiyatandike bandani, hata ukipewa bure gunia zima. Mama zetu wanaobangua wanajua yale mafuta yanavyobabua vidole. Unyayo wa kuku hauna glavu.

Na kama kuku anachechemea lakini umegeuza miguu yote miwili hukuona kigaga, uvimbe wala ukoko, usipake chochote. Akiwa amepooza mguu, shingo inapinda, anaharisha kijani, huo unaweza kuwa ugonjwa wa mdondo, yaani kideri. Mtenge saa hiyo hiyo na umpigie afisa mifugo kabla hujagusa kuku wengine.