Mnada wa Ijumaa kwenye simu, Lubumbashi: friza nzuri, dau la kutiliwa shaka

Kwa muda wa miezi saba nimekuwa mteja wa kundi moja la WhatsApp la hapa Lubumbashi linalouza kwa mnada vyombo vya umeme vilivyokwisha kutumika: friza, televisheni, jenereta na betri za sola. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nina lawama nalo na sipendi lawama hiyo igeuke ugomvi. Hata hivyo, mtu anayenunua kwa njia hii, awe anakaa Kamalondo, Katuba au Ruashi, atautambua utaratibu wenyewe.

Kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni msimamizi huweka picha, maelezo ya kasoro na bei ya kuanzia kwa dola. Dau hupanda kwa dola 5. Ikifika saa tatu usiku huandika “tumefunga”, na aliyetaja bei ya juu hutuma theluthi ya fedha kwa simu usiku uleule, kisha humalizia siku inayofuata anapochukua mzigo. Msimamizi hukata fungu lake kwa muuzaji, si kwa mnunuzi.

Kwa upande wa bidhaa sina la kulalamika. Friza niliyoinunua, iliyopitia mpaka wa Kasumbalesa, ilielezwa kuwa mpira wa mlango umechanika kwenye kona moja, na ndivyo nilivyoukuta: kona moja, si mbili. Nyumbani kwetu, umeme ukikatika tangu jioni hadi alfajiri, samaki wa mke wangu huamka bado ni wagumu kama mawe. Wauzaji wangapi wa madukani wangekuonyesha mpira uliochanika kabla hujalipa?

Lawama yangu iko kwenye dau. Friza ilianzia dola 80, na tulipofika 120 tulikuwa tumebaki wawili, mimi na mtu aliyeweka picha ya jogoo mahali pa sura yake. Kila nilipoongeza, jogoo alijibu kabla ya dakika kwisha, bila kusitasita, kama mtu aliyekwisha kuamua kwamba friza ile lazima ilale kwake. Nilipotaja 170 akanyamaza. Nikafurahi kama mshindi. Jumamosi asubuhi, nilipokuwa nikipakia friza kwenye mkokoteni, kijana wa kibanda cha jirani akanisalimu huku anacheka, akiniita kaka kwa Kiswahili cha hapa: “Yaya, jana ulitukimbiza kweli!” Alikuwa jogoo mwenyewe, na nyuma yake zilikuwa zimepangwa friza nne za kuuza. Nikamuuliza alitaka ya tano ya nini kwa dola 165. Akajibu bila kuona haya, akimzungumzia muuzaji wa friza yangu: “Njo biashara, yaya. Miye na yeye tunasaidianaka.”

Sitaki kumwonea kijana huyu. Muuzaji kununua kwa muuzaji mwenzake si kosa. Huenda ana mteja anayemsubiri, au anahitaji kompresa ya kutengenezea nyingine, na pengine dau lake ndilo lenye maarifa kuliko ya sisi wote, kwa kuwa anajua thamani ya kitu. Kinachotenganisha dau la haki na dau la hila ni jambo moja: kama ningenyamaza mimi kwenye 160, je, fedha zingetoka mfukoni mwake? Kwa majuma matano yaliyofuata niliandika kwenye daftari (mke wangu aliniona nimepatwa na wazimu) kila alichoshinda jogoo. Alishinda mara mbili. Vitu vyote viwili vilirudi mnadani kabla ya siku kumi na tano kupita, kwa picha zilezile, na televisheni ikiwa bado na kibandiko cha bluu kwenye pembe ya kioo. Msimamizi aliandika tu kwamba mnunuzi alighairi.

Nimejibiwa na watu wa biashara kwamba hakuna aliyenishika mkono, kwamba kila mnunuzi anajua mwisho wa mfuko wake na akiuvuka ajilaumu mwenyewe. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasahau kwa nini watu huenda mnadani badala ya dukani. Dukani bei ni neno la muuzaji. Mnadani bei ni ushahidi wa wanunuzi. Mimi sijui friza. Nilipanda kutoka 120 kwa sababu niliamini kwamba mtu mwingine, mwenye macho na fedha zake, ameiona inafaa 165. Ushahidi huo ulikuwa wa uongo. Kama muuzaji aliona 120 ni hasara, angeweza kuanzia 150 waziwazi, na huenda ningeinunua kwa bei hiyo bila kinyongo chochote.

Wala “kusaidiana” huku hakukuzaliwa Lubumbashi. Kampuni ya eBay, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995, inakataza dau la kupandisha bei kwa hila, liwe la muuzaji mwenyewe, la ndugu yake, la mtu anayeishi naye au la mfanyakazi wake. Mwaka 2000 mwanasheria wa California, Kenneth Walton, aliweka huko mchoro kwa bei ya kuanzia ya senti 25, na dau likapanda hadi dola 135,805, watu wakidhani ni kazi ya mchoraji mashuhuri Richard Diebenkorn. Mauzo yalifutwa ilipogundulika kwamba alikuwa ameweka dau kwenye mali yake mwenyewe; uchunguzi ukaonyesha kwamba yeye na wauzaji wenzake wawili walikuwa na mazoea ya kupandishiana bei kwa majina mengi ya bandia. Mwaka 2001 walishtakiwa, na Walton akakiri kosa. Watatu hao nao walikuwa wakisaidiana.

Hata hivyo, sidhani kwamba dawa ni kuwafukuza wauzaji wote kwenye dau. Wakitoka wao, minada mingi ya Ijumaa itabaki na watu wawili watatu, na vitu vitaondoka kwa bei ya kutupa, jambo litakalowafanya wenye mali nzuri wahame. Ninaona busara zaidi katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1979 kuhusu uuzaji wa bidhaa: muuzaji hana ruhusa ya kuweka dau kwenye mali yake, yeye au mtu wa kumwakilisha, isipokuwa haki hiyo imetangazwa mapema. Kutangaza ndiyo shina la jambo. Jogoo aandike mbele ya jina lake kwamba ni muuzaji, na akishinda alipe theluthi yake usiku uleule kama nilivyolipa mimi.

Niliyaandika haya kwa msimamizi, kwa adabu, kwa ujumbe wa faragha. Alinijibu baada ya siku mbili kwamba ameyapokea, na tangu Ijumaa mbili zilizopita maelezo ya kila kitu yana mstari mpya unaotaja bei ya chini ambayo mwenye mali anaikubali. Kuhusu wauzaji kujitambulisha hajasema kitu. Kwa bidhaa ninampa nyota nne kati ya tano, na kwa mnada wenyewe nyota mbili, ambazo moja ni ya mstari huo mpya. Bado nimo kundini, kwa kuwa mke wangu anataka betri ya sola; lakini siku hizi ninaandika bei yangu ya mwisho kwenye daftari kabla ya saa kumi na mbili, na jogoo akiingia, ninazima simu.