Fundi wa Keko aliyeniambia petroli ya kobe wangu inaenda wapi

Nimesubiri wiki tatu kabla ya kuandika, nione kwanza kama tatizo limekwisha kweli. Limekwisha, na huyu fundi anastahili kusemwa.

Gari ni Volkswagen kobe, injini ya 1300, alilolinunua marehemu mume wangu mwaka 1984 likiwa tayari limeshatumika. Mimi nalitoa mara mbili kwa mwezi, kwenda kanisani na kurudi. Siku nyingine zote limelala uani kwetu Goba, Dar es Salaam. Anayekujua Goba anajua vile vilima. Uwanja wetu umepanda kuelekea ukutani, kwa hiyo kobe alikuwa analala pua juu, injini chini.

Tangu masika mafuta yakawa yanapungua gari likiwa limesimama. Nilikuwa najaza tanki hadi mdomoni, narudi nyumbani, kilomita moja na nusu tu kutoka sheli. Baada ya wiki nikirudi kuongeza, tanki linameza lita mbili na zaidi. Wenye magari makubwa wataona lita mbili ni kidogo. Mimi ni mstaafu, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei kikomo ya mafuta nasikiliza kama nasubiri matokeo ya mtihani wa mwanangu. Nikakunjua maboksi nikayatandaza chini ya gari lote, kesho yake nikayakuta makavu, hata doa hakuna.

Petroli haidondoki, gari halitembei. Nikawaza mpira na kidumu, na wa kwanza kumshuku akawa kijana wetu wa getini. Nikafunga kifuniko cha tanki chenye ufunguo. Mafuta yakazidi kupungua, nami nikaamini amechongesha ufunguo bandia. Usiku mmoja nikamwambia afungue begi lake mbele yangu. Akalifungua bila kusema neno. Ndani kulikuwa na shuka, tochi, sahani na kijiko. Bado ninaiona ile sahani.

Gereji ya kwanza niliyopeleka gari, sitaitaja, walisema tanki limeoza, niandae laki tatu na nusu. Hawakulala chini ya gari wala kufungua boneti. Niliondoka.

Huyu wa Keko nilielekezwa na dereva teksi mmoja mzee. Kibanda chake kiko ndani ndani, nyuma ya wachonga samani, na kazi yake ni haya magari ya zamani yenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Nilipomweleza kwa simu akaniuliza jambo moja tu: "Mama, gari linalala pua juu au pua chini?" Nilipojibu, akasema nisiliwashe hadi afike. Alikuja na bodaboda, begi la spana mgongoni.

Hakuanza na tanki. Alikwenda nyuma, akafungua injini, akachomoa dipstiki, kile chuma cha kupimia oili, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha, akaichomoa tena. Oili ilikuwa juu sana kupita alama ya juu, na ilichuruzika kwenye kile chuma kama maji ya kunde. Akaniletea puani. Petroli tupu. Alipofungua chini na kukinga beseni, tukapima zaidi ya lita nne, wakati injini ile hubeba lita mbili na nusu. Mafuta yangu niliyokuwa namdhania mtoto wa watu yalikuwa ndani ya gari lenyewe.

Kwenye kobe tanki liko mbele na injini iko nyuma. Ukiegesha pua juu na tanki limejaa, petroli inakuwa juu ya kabureta, inasukuma yenyewe usiku kucha. Pale kwenye kabureta kuna sindano ndogo inayoinuliwa na boya ili kufunga njia. Sindano ikichoka, petroli inafurika, inaingia kwenye silinda, inapenya kwenye ringi za pistoni hadi kwenye oili. Ndiyo maana chini ni pakavu. Oili iliyochanganyika na petroli hivyo hailainishi kitu. Ningewasha mara chache zaidi ningeua beringi.

Lakini hakukimbilia kubadilisha, na hapo ndipo aliponikamata moyo. Alisema pampu ya mafuta nayo ikichanika kiwambo chake ndani, inapeleka petroli kwenye oili vilevile, kwa hiyo lazima tujue mwenye kosa. Akaweka oili ya bei nafuu, akaniomba radhi mapema kwamba itamwagwa. Akabana kwa klempu ule mpira unaotoka pampu kwenda kabureta. Usiku wa kwanza oili haikupanda hata unywele. Usiku wa pili akaachia klempu. Asubuhi oili imepita alama. Pampu ni nzima, kabureta ndiyo mgonjwa.

Alipofungua kabureta akanipa ile sindano ndani ya kikombe chake cha shaba, akakipachika kwenye mpira safi, akakibana kwa kidole, akaniambia nipulize. Pumzi ilipita. Akaleta mpya, nikapuliza hadi mashavu yakauma, haikupita.

Nililipa sindano elfu thelathini na tano, oili ya mwisho elfu arobaini, ile ya majaribio elfu ishirini, mipira mipya ya mafuta na klempu elfu kumi na tano, ufundi elfu sabini. Jumla laki moja na elfu themanini. Mipira sikuiomba, lakini alinionyesha ile ya zamani ilivyopasuka juu kabisa ya injini ya moto, na magari haya yanateketea kwa kitu hichohicho. Nikakubali.

Kasoro zake nazisema pia. "Kesho" yake ilikuwa siku nne, akisubiri sindano ipatikane kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani. Simu hapokei akiwa chini ya gari, yaani mchana kutwa. Risiti nilidai mara mbili ndipo akaandika.

Kijana wetu nilimwita siku ileile ya kupima oili, fundi akiwa bado ananawa mikono, nikamwonyesha beseni na nikamwomba msamaha. Akasema, "Yameisha, mama." Matengenezo yalipokwisha akanisaidia kusukuma gari tuligeuze. Sasa kobe analala pua chini.

Kibanda kinafunguliwa saa mbili asubuhi, Jumapili hayupo. Usimpigie, nenda mwenyewe, na kabla ya kwenda chomoa dipstiki unuse.