Uchambuzi wa Fahali Wawili: Maziwa Mengi au Binti wa Kudumu?

Watazamaji wangu, karibuni. Hapa Dagoretti nimeweka mezani karatasi mbili za tathmini ya mbegu za Friesian kutoka Marekani, nami nitazisoma kama mnunuzi anavyopaswa kuzisoma kabla ya kumpigia simu mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu.

Tazameni mstari wa maziwa, ambapo fahali wa kwanza ana +1,400 na wa pili +600. Wauzaji wengi hukomea hapo. Namba hizo ni ratili, si kilo, juu au chini ya wastani, nazo hukadiria sehemu ambayo binti hupokea kwa baba, yaani nusu ya ubora wa kijenetiki wa fahali huyo. Tofauti ya ratili 800 ni kama kilo 363 katika siku 305 za kukamuliwa, sawa na kilo moja na kidogo kwa siku. Si haba, ila ng'ombe asiyepata maji ya kutosha huweza kupoteza zaidi ya hapo.

Sasa teremkeni hadi maisha ya uzalishaji, kipimo ambacho Wamarekani walianza kukichapisha 1994 na ambacho huhesabiwa kwa miezi. Wa kwanza ana −1.0, wa pili +4.0, kwa hiyo binti za wa pili wanatarajiwa kudumu zizini miezi mitano zaidi. Niliwahi kununua mbegu kwa kutazama mstari wa maziwa tu, bila kuteremsha macho hadi hapa. Mtamba aliyezaliwa nilimlisha zaidi ya miaka miwili kabla hajanipa tone, kisha kiwele kikalegea hata chuchu zikakaribia matope, na baada ya uzao wa pili akaondoka na mchinjaji. Ng'ombe mmoja si ushahidi, najua, lakini gharama ya kumlea ilikuwa yangu.

Kasoro ya kipimo hiki ni kwamba urithi wake ni mdogo, yaani takriban asilimia 8 tu ya tofauti kati ya ng'ombe hutokana na vinasaba. Sehemu kubwa inayobaki ni malisho, sakafu ya zizi na mkono wa mkamuaji. Tena uhakika wake huchelewa, kwa sababu binti lazima wazaliwe, wazae na wakamuliwe kwa miaka kabla ya kujulikana nani amedumu. Fahali chipukizi aliyepimwa kwa vinasaba pekee, njia iliyoanza kutumika rasmi Marekani 2009, msimwamini sawa na mwenye binti mia kadhaa. Asilimia ya uhakika imeandikwa kando ya namba.

Isitoshe, binti waliopimwa huko hawali matete na pumba kama wetu, hivyo mfuatano wa fahali waweza kubadilika wakifika Kiambu. Ndiyo maana huuliza pia mbegu za kituo cha Lower Kabete, kilichoanzishwa 1946, ambazo fahali wake wanaishi hapa hapa.

Kwa zizi la ng'ombe watatu au wanne, mimi namchukua fahali wa pili. Mhimilishaji akimaliza, mwombeni mrija mtupu uliobeba mbegu, mnakili namba yake daftarini pamoja na tarehe, kwa maana binti asiyejulikana baba yake hawezi kuingia katika hesabu ya fahali yeyote.