TAHADHARI: Muuza kaunta za zege za "siku tatu" hapa Dar, pamoja na dumu lake la dawa ya kung'arisha

Wakuu, habari za kazi. Kama unajenga au unakarabati jiko hapa Dar, Kibaha au Bagamoyo, naomba usome hii kabla hujatuma hata shilingi kwa mtu anayetangaza mitandaoni kaunta za zege "zinazong'aa kuliko granaiti, siku tatu tu, nusu ya bei". Mimi ni fundi wa kaunta za zege na terazo, nazitengeneza kwa mkono. Kwa miezi ya karibuni simu nyingi ninazopigiwa si za kazi mpya. Ni watu wanaoniomba nikaokoe kazi za huyu bwana, na nyingi haziokoleki.

Jina la ukurasa wake limeshabadilika, na namba za simu nazo zinabadilika, kwa hiyo kumtaja jina leo hakutamsaidia mtu kesho. Mtamjua kwa mwenendo wake, na mwenendo huo haubadiliki.

Anza na picha zake. Ni nzuri kweli, nami nilizitazama kwa muda mrefu kabla sijagundua kitu. Acha kaunta, tazama ukuta ulio nyuma yake. Soketi za umeme kwenye picha nyingi ni zile za vitundu viwili vyembamba vya wima na kimoja cha duara chini yake, yaani soketi za Marekani. Majiko yetu yana soketi za matundu matatu ya mstatili, na mara nyingi swichi iko pembeni. Picha hizo si za Mbezi wala Tegeta. Mwombe video fupi akiwa kwenye kaunta aliyoifunga mwenyewe hapa mjini, amwage kikombe cha maji juu yake na ataje tarehe ya siku hiyo. Hatatuma. Atakwambia mteja wake ni mtu mzito, hataki nyumba yake ionekane. Wateja wote alionao ni watu wazito.

Ukishatuma malipo ya awali, ambayo anataka asilimia 70 na yanakwenda kwenye namba yenye jina la mtu mwingine kabisa, kuna mawili: ama anakuja, ama haji kabisa. Ajabu ni kwamba waliopotezewa hela tu wamepata hasara ndogo kuliko wale aliowafanyia kazi.

Anakuja na saidia fundi mmoja. Wanafunga mbao juu ya kabati, wanachanganya simenti na mchanga kwa makadirio ya macho, halafu maji yanamwagwa kwa ndoo mpaka zege linakuwa uji. Zege la majimaji linajisambaza lenyewe, halimchoshi mtu. Lakini kazi ya kaunta kwa mfuko wa kilo 50 inataka maji ya lita 20 hivi, ukihesabu na yale ambayo mchanga mbichi umekuja nayo. Ukiona zege ni gumu kufanyia kazi, unaongeza dawa ya kulainisha, huongezi maji. Maji ya ziada hayana kazi ndani ya simenti. Yanakaa humo, yanatoka taratibu kwa mvuke, na yanapotoka yanaacha vitundu vidogo vidogo ambavyo baadaye vitanywa mafuta, chai na mchuzi. Na zege linakuwa dhaifu, linasinyaa, linapasuka.

Kesho yake anatandika niru nzito, yaani uji wa simenti tupu, juu ili kuficha mashimo. Siku ya tatu anapaka dawa yake, kaunta inawaka, anapiga picha, anadai salio. Na kwa siku ile huwezi kuona kasoro yoyote, kwa sababu mng'ao ule ni wa dawa. Zege lililo chini yake bado ni bichi.

Chukua mfuko wa simenti usome. Utakuta namba 32.5 au 42.5. Hiyo ni nguvu ya simenti inayopimwa baada ya siku 28. Hata kiwanda chenyewe kinasubiri siku hizo ndipo kiseme simenti yake imefikia wapi, halafu mtu anakuja kukukabidhi kaunta siku ya tatu. Sisemi kila kaunta lazima isubiri mwezi mzima ndipo iguswe. Wapo mafundi wazuri wanaotumia mchanganyiko maalumu, wanafungua mbao kesho yake na kuanza kusaga ndani ya wiki. Lakini hao hao wanalifunika zege kwa nailoni na kulitunza na unyevu kwa wiki nzima, na hawapaki dawa ya juu mpaka unyevu wa ndani umepungua. Kwa hali ya hewa yetu ya pwani, hasa masika, kukauka kunachelewa zaidi. Ukifunga maji ndani kwa kupaka dawa mapema, yatatafuta njia ya kutoka, na njia ni kuibandua hiyo dawa.

Mama mmoja wa Kimara, mwalimu mstaafu, alilipia kaunta kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Aliponipigia aliniambia, "Mwanangu, kila nikisukuma chapati, donge linatoka na rangi ya kijivu." Nilipofika nikakuta dawa imebanduka pale pale anaposukumia, na niru iliyo chini yake inatoka unga ukiipangusa kwa kiganja. Kona mbili za tundu la sinki zimepasuka. Nikaingia chini ya kabati nikakwangua zege kwa msumari: likachimbika. Zege imara ukilikwangua kwa msumari linabaki na mstari wa alama ya chuma tu. Mama yule na wajukuu zake walikuwa wameshakula vumbi la simenti kwa wiki kadhaa. Nimekasirika kwa ajili ya wengi, lakini ni jiko lile lililonifanya niandike.

Kuhusu hizo kona za sinki: kila kona ya ndani ya tundu ndipo nguvu zinapokusanyika, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Fundi anayejua kazi anaziviringa kidogo badala ya kuziacha kali, na anaweka nondo nyembamba au wavu wa chuma kuzunguka tundu. Huyu bwana haweki kitu. Ukimuuliza anasema ametumia faiba, yaani nyuzi za kuimarisha zege. Faiba ya kioo ya kawaida, ile wanayotengenezea boti, huliwa na ukali wa simenti mpaka inabaki jina. Inayofaa kwa zege ni ile yenye madini ya zirikonia inayostahimili alikali, na mfuko wake unaandikwa hivyo. Mwambie akuonyeshe mfuko.

Pima uzito pia, kwa hesabu tu. Zege la kawaida lina kilo 2,400 hivi kwa meta moja ya ujazo. Kaunta ya urefu wa meta 2.4, upana sentimeta 60 na unene sentimeta 4 inakaribia kilo 140. Kama amekuletea kipande kizima cha ukubwa huo na vijana wawili wamekibeba huku wanapiga stori, uliza ndani kuna nini. Kaunta yake moja niliyoikata Goba ilikuwa imejazwa vipande vya povu la kufungia televisheni, na juu yake zege jembamba lisilo na wavu. Kuna wataalamu wanaoweka povu kwa makusudi ili kupunguza uzito, ila hao wanakwambia kabla, na ganda lao lina faiba ya kutosha. Ile ya Goba ilivunjika sehemu iliyotokeza nje ya kabati, pale watoto wanapokaa kula.

Biashara yake ya pili ni hilo dumu. Analiuza kwa mafundi vijana, lita 5, halina lebo, halina tarehe, anaita "epoksi ya Italia". Vijana sikilizeni. Epoksi ya kweli ya kaunta inakuja kwenye makopo mawili, moja la gundi na moja la kigumishi, na unachanganya kwa kipimo kilichoandikwa. Poliyurithini ngumu ya kaunta nayo nyingi ni hivyo hivyo. Mtu akikuuzia "epoksi" iliyo tayari kwenye chombo kimoja, hiyo si epoksi, na humhitaji mtu wa maabara kukuthibitishia.

Nililijaribu dumu hilo kwa njia ambayo yeyote anaweza. Paka kidogo kwenye kipande cha kigae, acha kikauke wiki nzima. Weka pamba yenye asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, kwa dakika chache. Epoksi iliyokomaa itavumilia. Ya huyu bwana ililainika ikanata vidoleni, tabia ya akriliki. Akriliki ina kazi zake, inafaa kwa mapambo ya ukutani, lakini haistahimili joto. Weka sufuria ya moto, itaacha duara jeupe. Kijana anayeipaka kwenye jiko la mteja kwa bei ya epoksi ndiye atakayeitwa tapeli.

Na kwa kuwa ahadi ya "haipati doa milele" ndiyo inayowavuta wengi, niseme wazi: hakuna fundi anayeweza kuitoa kwa ukweli. Ndimu, ukwaju na siki vinakula chokaa iliyo ndani ya simenti. Manjano na mawese vinaacha rangi. Dawa inayozama ndani ya zege inazuia maji na mafuta kuingia na inaliacha zege na sura yake ya asili, lakini ndimu iliyolala usiku bado itaacha alama. Dawa inayotengeneza utando juu inazuia ndimu vizuri zaidi, lakini kisu kinaikwaruza na baadhi haziwezi moto. Unachagua moja ukijua kasoro yake. Fundi mkweli atakueleza hayo kabla hujalipa, hata kama atakupoteza wewe mteja.

Jambo jingine ambalo majirani hawalisemi: anasaga kavu. Grainda ndani ya sebule, vumbi mpaka barabarani, vijana hawana barakoa. Vumbi la mchanga na zege lina silika, na silika laini ikivutwa kwa muda inatengeneza makovu kwenye mapafu yasiyopona. Kusaga kaunta ni kwa maji, na diski za almasi zinapanda hatua kwa hatua, namba ikipanda diski ni laini zaidi: 50, 100, 200, 400, na kuendelea kwa anayetaka kioo. Mng'ao wa namna hiyo unatoka kwenye zege lenyewe. Ukiona kaunta inang'aa na hujaona tope la kijivu la kusagia hata siku moja, jua umepakwa tu.

Sasa hela. Usimlipe fundi yeyote, mimi nikiwemo, zaidi ya gharama ya vifaa kabla kazi haijaanza, na vifaa ni bora mkanunue pamoja. Andikeni makubaliano: unene, aina ya simenti, kilichowekwa ndani, jina la dawa na siku za kutunza zege kwa unyevu. Omba kipande cha sampuli kutoka mchanganyiko ule ule na dawa ile ile, ukae nacho nyumbani. Kidondoshee maji, mafuta, kipande cha ndimu kwa saa moja. Salio lisitoke mpaka uwe umebandika nailoni kwenye kaunta kabla ya dawa, pembe zote kwa utepe, ikalala mpaka kesho yake bila kuonyesha matone ya unyevu chini yake. Na jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha muamala lazima liwe la mtu mliyeandikiana. Likija jina lingine, ghairi hapo hapo.

Aliyekwisha kutuma: piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja uombe muamala uzuiwe, kila dakika ina maana kabla hela haijatolewa. Usifute meseji hata moja. Nenda kituo cha polisi uchukue RB, na namba ya simu ya tapeli iripoti kwa kuituma kwenda 15040. Kama alikuja na kufanya kazi mbovu, na mna makubaliano au hata meseji za makubaliano, Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya namna hiyo na unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Piga picha kaunta kabla ya kuigusa, pamoja na upande wa chini.

Na wale ambao kaunta imeanza kutoa unga, tafadhali msinunue vanishi mkapaka juu. Acheni kuandalia chakula hapo, tandikeni ubao. Kwangua upande wa chini kwa msumari. Kama unga uko juu tu na chini ni kugumu, inawezekana kusaga ile niru yote, kupaka dawa ya kugumisha uso wa zege, kujaza vitundu na kuanza upya. Kama msumari unachimba mpaka chini, hiyo ni ya kutoa, na itolewe na watu wanne, sinki likiwa limeshafunguliwa kwanza.