Meno mapya ya mashine ya kusagia kahawa: uzoefu wangu na seti ya 64 mm

Kwa wenye haraka: kama una mashine ya kusagia ya zamani aina ya Mazzer Super Jolly na kahawa yako imeanza kukosa mwelekeo, usiiuze. Badilisha meno kwanza, yale maduara mawili ya chuma yenye makali yanayosaga punje. Seti halisi ya chuma cha kawaida, kipenyo cha 64 mm, niliipata kwa kama dola 50 hivi kabla ya gharama ya kusafirisha, na kwangu imemaliza tatizo ambalo watu wawili tofauti walishaniambia dawa yake ni mashine mpya. Wenye muda waendelee, maana kununua ndiyo sehemu nyepesi. Shughuli iko kwenye kuyafunga.

Nina mgahawa mdogo hapa Dar es Salaam, viti havizidi kumi, na mashine niliinunua ikiwa imeshatumika na mwenzangu aliyefunga biashara. Ni dude la kilo 14, mota yake kwa umeme wetu wa 50 Hz inazunguka mara 1,400 kwa dakika, na ndani hakuna ufundi wa kutisha: jino la chini linazunguka, la juu limetulia, kahawa inaingia katikati na kutokea pembeni ikiwa unga. Mashine za namna hii hazifi kirahisi. Kinachochoka ni meno, tena polepole mno, kiasi kwamba anayeishika kila siku ndiye wa mwisho kujua.

Dalili zilikuja hivi. Napima gramu 18 za unga, nategemea nipate gramu 36 kwenye kikombe kwa sekunde 25 hadi 30. Barista wangu akawa kila baada ya siku chache anabana pete ya kurekebishia, anasaga laini zaidi, na bado kahawa inamwagika kwa kasi. Mchomaji yuleyule, kahawa ileile ya Mbinga. Halafu ladha ikawa ya ajabu: uchungu na ukali wa ndimu kwenye kikombe kimoja. Hilo lina sababu. Jino kali linakata punje. Jino butu linaiponda. Kinachotoka ni vumbi jingi lililochanganyika na vipande vikubwa. Vumbi linatoa uchungu mapema, vipande havijaiva, na wewe unabaki kuilaumu kahawa au maji. Mota nayo ikawa inapata joto kuliko zamani, na kusaga kipimo kimoja kukachukua muda zaidi.

Kipimo cha haraka ni ukucha. Chomoa plagi, fungua, toa jino la juu, kisha vuta ukucha taratibu juu ya ukingo wa nje, pale kwenye sehemu bapa inayosaga mwisho. Jino zima linakwangua ukucha na kuacha unga mweupe. Langu lilikuwa linateleza tu. Ukilielekeza kwenye mwanga unaona mstari mwembamba unaong'aa ukingoni. Ukingo mkali hauakisi mwanga. Ule mng'ao ni ubutu.

Sasa suala la lini kubadilisha, ambalo watu hulipotosha sana. Makadirio yanayozunguka kwa mafundi wa mashine hizi ni kilo 300 hadi 400 kwa meno ya kawaida ya 64 mm. Piga hesabu yako mwenyewe. Mgahawa unaosaga kilo 2 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, unafika kilo 600. Meno yanakwisha kabla mwaka haujaisha. Mtu wa nyumbani anayetumia gramu 30 kwa siku anafikisha kilo 11 tu kwa mwaka mzima. Kwa hiyo anayemwambia mtu wa nyumbani abadilishe meno kila mwaka anamuuzia tu. Kinachoua meno ya nyumbani ni vitu vingine, nitavifikia.

Kuchagua. Nilionyeshwa seti yenye rangi ya dhahabu, bei zaidi ya mara mbili, muuzaji akaapa ni ya titani na haiishi. Nikamwomba aniambie imetengenezwa na nani na inazunguka upande gani. Hakuwa na jibu la lolote kati ya hayo mawili, nikairudisha kaunta. Tabaka la titani ni kitu cha kweli, linaongeza maisha ya jino kwelikweli, lakini rangi ya dhahabu peke yake haithibitishi chochote. Na mwelekeo wa mzunguko si jambo la kupuuza: makali yamechongwa kuelekea upande mmoja, ukifunga seti ya upande mwingine itasugua punje badala ya kuzivuta ndani.

Kuna pia meno ya SSP, kampuni ya Korea, zinazosifiwa sana na wapenzi wa kahawa iliyochomwa kidogo. Nimeonja kahawa yake kwa mwenzangu na sibishi, ladha inatoka safi, kila kitu kiko peke yake. Lakini bei niliyoikuta ilianzia huko dola 150 hadi 200, na wateja wangu wengi wanaagiza kahawa ya maziwa. Kwenye kapuchino tofauti hiyo inazama. Kwa kahawa nyeusi ya kuchuja ningefikiria upya. Nilichukua ya Mazzer ya kawaida, na sijajuta.

Haya, kufunga. Hapa ndipo seti nzuri inapoharibiwa na mikono.

Kila jino linashikwa na skrubu tatu. Tumia bisibisi inayojaa kichwa sawasawa, maana skrubu zilizokaa na mafuta ya kahawa kwa miaka zimegandana, na bisibisi ndogo itakula kichwa chake, kisha utatafuta fundi wa kutoboa. Ukitoa jino la zamani utakuta chini yake ugoro wa kahawa mweusi umeshikamana kama lami. Huo uondoe wote. Nilikwangua kwa kijiti cha mbao, nikafuta kwa kitambaa chenye spiriti, nikapitisha kidole chenyewe, maana kidole kinahisi kile ambacho jicho halikioni. Chembe moja ya unga iliyobaki chini ya jino inalinyanyua upande mmoja, na meno yasipokuwa sambamba yatasaga laini upande huu na kuacha mapande upande ule. Unakuwa umenunua meno mapya ili upate kahawa ya meno ya zamani.

Skrubu kaza kwa zamu, kidogo kidogo, moja kisha nyingine, mpaka zote zishike. Usiimalize moja ndipo uende ya pili.

Kisha mtihani wa maka peni. Chukua ile ya ubao mweupe, inayofutika, paka ukingo wa nje wa meno yote mawili. Rudisha kila kitu, zungusha jino la chini kwa mkono, huku ukibana pete taratibu mpaka usikie chuma kinagusana. Kwa mkono, nasisitiza, usiwashe mota. Fungua uangalie. Kama wino umefutika sawasawa mzunguko mzima, una bahati. Wangu ulifutika nusu tu, upande wa kulia, ule mwingine ukabaki mweusi kabisa. Dawa yake ni foili ya jikoni: unakata kipande kidogo, unakiweka chini ya jino upande ule ambao wino haukufutika, ili upande huo unyanyuke. Foili moja ina unene wa mikroni kati ya 10 na 20, na ni ajabu jinsi kitu chepesi hivyo kinavyobadilisha picha. Nilianza na kipande kimoja, nikaongeza cha pili karibu na skrubu, nikarudia wino, mpaka nikapata duara lililofutika karibu lote. Kazi ya jioni nzima, na mgongo unauma. Lakini kama kuna sehemu moja ya maelezo haya ya kufuata neno kwa neno, ni hii.

Tahadhari nyingine ni hesi, ile mifereji ya kufungia kama ya skrubu. Sahani inayobeba jino la juu imekalia springi tatu na inafungwa kwa hesi nyembamba sana. Ukiilazimisha ikiwa imepinda utaua hesi, na hapo sasa ndipo utahitaji mashine mpya kweli. Nilisafisha hesi zote kwa mswaki mkavu, nikapaka grisi kidogo ya mashine za chakula, nikaikandamiza sahani chini kwa viganja ili springi zibonyee, kisha nikaizungusha kinyume kwanza mpaka nikasikia kitu kimedondoka mahali pake, "tk". Ndipo nikaanza kufunga. Ikikaza mapema, rudi nyuma uanze tena.

Meno mapya hayasemi ukweli siku ya kwanza. Kwa kilo chache za mwanzo kipimo changu kilikuwa kinahama asubuhi na jioni, nikawa nasagia kahawa ya zamani iliyokaa stoo. Baadaye yakatulia. Sasa pete haiguswi siku nzima, labda mvua ikinyesha na hewa ikibadilika, na zile sekunde 27, 28 zinarudi zenyewe. Wateja hawajui kilichobadilishwa. Mmoja aliuliza kama nimebadilisha maziwa.

Kutunza. Huku pwani adui wa kwanza ni unyevu. Meno mengi ya mashine za mgahawa ni chuma kigumu kisichopenda maji hata kidogo. Ukiyaosha na kuyaacha usiku kucha Januari ya Dar, asubuhi utakuta vidoa vya kutu. Usafi wangu ni mkavu: kila jioni brashi ya rangi, ile ya nywele ngumu, na mara moja kwa wiki nafungua jino la juu. Mafuta ya kahawa yaliyokaa yanaoza na kutoa harufu ya karanga iliyochacha, nayo inaingia kwenye kikombe kizuri chochote utakachosaga. Wanaochoma kahawa nyeusi tititi yenye kung'aa mafuta wasafishe mara mbili zaidi.

Kuna vidonge vya kusafishia kama Grindz, vimetengenezwa kwa nafaka, unavisaga kama kahawa na vinabeba mafuta. Vinafaa, ila havichukui nafasi ya kufungua. Wengine wanashauri kusaga mchele mbichi. Mimi sifanyi. Mchele mkavu ni mgumu, unaikaba mota, na unga wake ukikutana na unyevu unageuka gundi mahali usipoweza kufika.

Iliki, karafuu na tangawizi kavu, tafadhali, visagiwe kwingine. Najua kahawa yetu ya jioni inazipenda, na mimi pia nazipenda. Lakini iliki ikishaingia kwenye mashine ya kusagia espresso haitoki kwa brashi, na mteja wa kesho aliyetaka kahawa tupu atakunywa pilau.

Halafu mawe. Kahawa iliyoanikwa chini, hasa ile ya kukaushwa na ganda lake, inaweza kuja na kokoto ndogo yenye rangi ileile ya punje. Kokoto moja inapasua ukingo kwa sekunde, na pengo hilo halizibiki. Nikinunua robusta ya Kagera kwa ajili ya kuchanganya, naimwaga kwenye ungo na kuichambua kama mchele kabla haijaingia kwenye bakuli la juu. Ukisikia mlio wa "kra" wakati wa kusaga, zima hapohapo, usisubiri umalize kipimo.

Wa nyumbani, msinunue mashine kama yangu, itawamalizia tu nafasi jikoni. Kisagio cha mkono chenye meno ya koni ya chuma kinatosha. Timemore C2 ya Uchina ina meno ya 38 mm na inasaga kahawa ya kuchuja vizuri kabisa, tena umeme ukikatika haikuhusu. Meno ya kauri, kama yale ya visagio vya Hario na Porlex vya Japani, yana faida moja kubwa huku kwetu: hayashiki kutu, unaweza kuyaosha. Kasoro yake ni kwamba kauri haisamehe kokoto, inamegeka, na makali yake tangu mwanzo si makali kama ya chuma. Ile mashine ya visu inayozunguka kama blenda haina meno wala kipimo. Inakatakata tu, kipande hiki vumbi, kile nusu punje.

Nimeulizwa kama fundi wa mtaani anaweza kunoa meno ya zamani. Anaweza kuyapitisha kwenye jiwe, yatang'aa, lakini pembe za makali zitabadilika na meno mawili hayatakutana tena sawasawa. Ya kwangu ya zamani nimeyapaka mafuta nikayafunga kwenye gazeti, ya kufunga kwa dharura.

Mkiagiza, pigeni picha ya namba iliyochongwa nyuma ya jino mlilonalo na mlinganishe na ile ya muuzaji, pamoja na matundu ya skrubu na upande wa mzunguko. Agizeni seti mbili kwa mzigo mmoja, maana nauli ya seti moja na ya mbili karibu ni sawa. Natoa nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu nimeikata kwa sababu skrubu mpya hazikuja ndani ya boksi, ikabidi nizunguke Kariakoo kuzitafuta zenye urefu uleule.