Nissan Leaf ya kWh 40 kutoka Tanga: uzoefu wangu wa safari ndefu

Kwa safari za Tanga mjini, Muheza na Pangani sina neno na gari hili la umeme. Swali linaloulizwa na kila anayetaka kulinunua ni la Dar es Salaam. Jibu langu: linafika, ila kwa siku mbili, na kinachoamua ni soketi ya pale utakapolala kuliko ukubwa wa betri.

Tanga hadi Dar kupitia Segera na Chalinze ni kama kilomita 350. Leaf iliyotumika Japani, betri ikiwa imebaki na asilimia 90 ya afya yake, yaani ya uwezo iliokuwa nao ikiwa mpya, ina kama kWh 34 za kutumia (kWh moja ni uniti moja ya LUKU). Ukishika mwendo wa 80, kiyoyozi kinawaka, inakula kWh 14 hadi 15 kwa kilomita 100. Ukienda 100 inapanda hadi 17 au 18, kwa sababu upepo wa mbele unazidi haraka kuliko mwendo wenyewe. Kwa hiyo chaji moja ni kilomita 230 au kilomita 190, na Msata, pa kulala njiani, iko kama kilomita 210 kutoka Tanga. Vibao vya 50 vijijini, ambavyo madereva wengi huvilalamikia, hapa vinakusaidia.

Usiamini kilomita zinazoandikwa kwenye dashibodi. Gari linakisia kwa kuangalia ulivyoendesha karibuni. Ukitoka kuzunguka mjini kwa mwendo wa 40 litakuahidi kilomita ambazo barabara kuu haitakupa. Mimi nasoma asilimia tu: kwa mwendo wa 80, asilimia moja ni kilomita mbili na kidogo. Nikifika Segera, kilomita 70 na kitu, nikakuta chini ya asilimia 67, napunguza hadi 70 hapo hapo, sisubiri Mkata. Na kama afya ya betri yako iko chini ya asilimia 85, Msata isahau, panga kulala Mkata au Kabuku. Afya hiyo inasomwa kwa programu ya LeafSpy na kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani. Isome kabla ya kulipia gari, si baada.

Sasa soketi. Safari yote naipanga kwa soketi za kawaida, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Waya wa chaji unaokuja na gari kutoka Japani una plagi isiyoingia kwenye soketi zetu. Tafuta wa Type 1 (ndilo umbo la kichwa kinachoingia kwenye Leaf ya Japani) wenye plagi ya pini tatu na unaoweza kupangwa ampia 6, 8, 10 na 13. Plagi ina fyuzi ya ampia 13, lakini haikutengenezwa kubeba ampia 13 usiku kucha. Soketi iliyolegea inapata moto, plastiki inayeyuka. Weka 10. Baada ya dakika 20 shika plagi: ikiwa huwezi kuishikilia, shusha hadi 6 au hamia soketi nyingine. Ekstensheni iwe ya waya wa milimita za mraba 2.5 na ikunjuliwe yote, maana ikiachwa imeviringishwa inajipika yenyewe.

Kikwazo kikubwa zaidi ni ethi, waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Gesti nyingi zina soketi ya pini tatu ambayo pini ya juu haijaunganishwa na kitu. Waya wa chaji unapima ethi kwanza. Usipoikuta, unawasha taa nyekundu na haupeleki umeme. Usikubali fundi audanganye waya huo kwa kuunganisha ethi na nyutro, waya unaorudisha umeme. Ukifanya hivyo na nyutro ikakatika, bodi la gari linaweza kuwa na umeme. Omba kujaribu soketi kabla hujalipia chumba.

Kutoka Msata hadi Dar unahitaji kWh 20 na akiba ya 5. Ukiwa umeingia na asilimia 10, LUKU itakatwa kama uniti 25, maana sehemu inapotea wakati wa kuchaji. Kwa ampia 10 na volti 230 kuchaji kunachukua muda wa saa 11. Volti zikishuka jioni hadi 200, ni zaidi ya 12. Ukifika saa 10 jioni unaondoka asubuhi bila wasiwasi. Uniti moja ni karibu shilingi 356 kwa matumizi ya kawaida, hivyo mpe mwenye gesti 9,000 na kitu cha shukrani, na muangalie mita pamoja kabla ya kulala. Uniti zikiisha saa nane usiku, hakuna atakayejua mpaka asubuhi.

Safari ninayoipendekeza kwa moyo wote ni Lushoto, kama kilomita 165. Kutoka Mombo unapanda karibu mita 1,000 ndani ya kilomita 33, na kila mita 100 inakula takriban nusu kWh, hivyo ondoka Tanga ukiwa umejaza kabisa. Huko juu usijaze zaidi ya asilimia 85. Betri iliyojaa haipokei umeme ambao mota huuzalisha gari likiteremka, na kona zile zote utazishuka kwa breki za mguu. Ikiwa na nafasi, weka gia kwenye B, gari linajishika lenyewe na asilimia zinapanda.

Leaf nyingi hazina spea, zina dawa ya tairi na pampu tu, kwa hiyo beba spea yako. Upepo uwe PSI 36. Na ukizimikiwa, usivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, mota itaharibika. Libebwe lote juu ya gari la kubebea magari, au mbele kunyanyuliwe.